Ankara Yako Inasomwa na Mtu Asiyekujua

Nilishona sare za zahanati moja binafsi kwa wiki tatu, mashati 24 na suruali 16, cherehani ikiwa sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam. Kitambaa chao, ufundi wangu, shilingi 15,000 kila nguo. Nilipomaliza nikachana karatasi ya daftari, nikaandika "Kushona sare, 600,000" na namba yangu ya simu, nikapeleka. Hela niliipata baada ya miezi miwili na nusu.

Sikudhulumiwa. Aliyenipa kazi aliipenda, ila yeye si mlipaji. Karatasi ilikwenda kwa mhasibu ambaye hajawahi kuniona, nayo haikumwambia mimi ni nani, nguo ngapi, nani amezipokea wala hela aitume wapi. Akaiweka pembeni. Wakaguzi wakija, anayeulizwa ni yeye. Tangu siku hiyo kila ankara, yaani karatasi ya kudai malipo, naiandika nikimfikiria yeye.

Wengi tunakwama kwenye jina. Mimi kwenye ankara iliyofuata juu niliweka jina la biashara ninalotumia Instagram, halafu akaunti ya benki ina jina la kitambulisho. Mhasibu akiona majina mawili anasita, na ana haki. Kama umesajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, fungua akaunti kwa jina hilo. Kama bado, anza na jina lako kamili, la biashara lifuate chini yake. Anayelipa kwa simu mwandikie lile jina litakalomtokea kabla hajabonyeza kutuma. Weka na TIN, namba yako ya mlipakodi. TRA, mamlaka ya mapato, wanaitoa bure, na kampuni nyingi hazikulipi bila hiyo.

Kazi yenyewe ichambue mstari kwa mstari: mashati ya mikono mifupi 24, bei ya moja, jumla yake, suruali 16, vivyo hivyo. Chini andika jumla kuu kwa tarakimu na kwa maneno. Kama ulipokea malipo ya awali yaonyeshe, kisha salio. Walikupa LPO, hati yao ya kuagiza kazi? Namba yake iandikwe. Na siku ya kukabidhi mzigo, aliyepokea asaini na kugonga mhuri kwenye hati ya makabidhiano, nakala uiambatishe. Kwangu saini hiyo ndiyo iliyofupisha kusubiri kuliko kitu kingine chochote.

Namba za ankara zifuatane. Nimewahi kushauriwa nianzie 500 nionekane mkongwe. Nilikataa, nikaanza na 001. Ukikosea moja, iandike "imefutwa" na uitunze, usiiruke namba yake.

Tarehe ya kulipa itaje yenyewe. "Ilipwe kabla ya tarehe 15 Machi" humsukuma mtu kuliko "ndani ya siku 30", kwa sababu hizo siku 30 kila mmoja anazihesabu kuanzia anapotaka.

Kuhusu kodi, mambo mawili yalinichanganya. Kama hujasajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, usiweke ile asilimia 18 kwenye ankara, hata kama umeiona kwenye ankara ya mwenzako. Huku Tanzania Bara usajili wa lazima unaanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na sisi wa sebuleni wengi bado tuko mbali. La pili ni kodi ya zuio. Kampuni ikikulipa kwa huduma hukata asilimia 5, ndiyo maana kwenye ile 600,000 yangu niliona 570,000. Nilipiga simu kwa hasira kumbe nilitakiwa kuomba cheti cha hiyo 30,000, kwani huhesabiwa kwenye kodi yangu ya mwaka. Omba cheti hicho kila mara, wasipokukumbusha uwakumbushe.

Na ankara si risiti. Ankara unadai, risiti unakiri umelipwa. Usitoe risiti kabla hela haijaingia, hata ukiombwa kwa upole.

Kompyuta si lazima. Mwaka mzima nilitumia kitabu cha ankara cha stesheneri chenye karatasi ya kaboni, nakala inabaki kwangu. Siku hizi naandaa kwenye simu, naigeuza PDF ili tarakimu zisichezewe kirahisi, naituma WhatsApp kwa aliyeagiza na barua pepe kwa uhasibu. Kesho yake asubuhi nampigia mhasibu: "Shikamoo, ankara namba 037 imekufika? Kuna kinachopungua?" Kikiwepo, narekebisha siku hiyohiyo.