Jibu: Benki imekataa kufungulia kikundi chetu akaunti

Salaam ndugu. Nimekusoma: kikundi chenu cha haki mtaani kina cheti cha usajili, mfadhili yuko tayari, ila benki imewakatalia na michango bado inaingia M-Pesa ya mweka hazina.

Angalia kwanza muhtasari wa kikao mlichoamua kufungua akaunti, katiba ya kikundi baadaye. Sisi tulirudishwa mara mbili kwa sababu katibu aliandika majina tunayoitana mtaani (mwenyekiti alikuwa "Mama Brayo"!). Majina ya watia sahihi yafanane na kitambulisho na orodha ya usajili, herufi kwa herufi. Muhtasari utaje benki, tawi, watia sahihi watatu, na kwamba wawili lazima wasaini pesa ikitoka. Kama viongozi wamebadilika, pelekeni kwanza mabadiliko ofisi ya maendeleo ya jamii.

Mfadhili asitume kwa simu ya mtu hata kama ana haraka. Mweka hazina akikosana nanyi, mtajieleza vipi? Ruzuku yetu ya kwanza tuliipitisha kwa shirika jirani, kwa makubaliano ya maandishi. Walikata ada ya usimamizi, ikauma, lakini risiti zilikuwepo.

Ya kodi sijayashughulikia, muulize mhasibu.