Basenji habweki, lakini si bubu

Ndugu uliyeuliza kama basenji anafaa kulinda geti: mimi nisingemchukua kwa kazi hiyo. Ni mbwa wa uwindaji kutoka misitu ya Kongo. Habweki, ila hupandisha na kushusha sauti kama anayeimba, na akikasirika hunguruma vizuri tu. Wawindaji humfunga njuga shingoni wasimpoteze vichakani. Ni mdogo, kilo 10 hivi, mkia umejikunja juu ya mgongo, na hujilamba mwili mzima kama paka. Ana akili nyingi lakini mkaidi, na lazima akimbie kila siku. Ukinunua mtoto, omba kwanza majibu ya vipimo vya vinasaba vya wazazi wake kuhusu Fanconi, ugonjwa wa figo unaowasumbua sana.