Maswali yenu: bodaboda ya umeme mlimani, na saruji yenye herufi P

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nataka kuacha pikipiki ya petroli nichukue ya umeme. Muuzaji anasema betri ya volti 72, ampea-saa 40, inakwenda kilomita 80. Nina wateja wa geti la Marangu. Itanifikisha?
Dereva, Soweto, Moshi

JIBU: Itakufikisha kwa kubahatisha, ndugu yetu. 72 mara 40 ni wati-saa 2,880, yaani uniti 2.9 kama zile za LUKU. Bakiza asilimia 20 ili betri isife mapema; za kutumia ni 2.3. Kwenye tambarare, ukiwa na abiria mmoja, piga wati-saa 35 kwa kilomita. Kilomita kama 40 kupitia Himo ni uniti 1.4. Bado mlima: Moshi iko mita 900 hivi juu ya bahari, geti liko karibu 1,870. Kupandisha kilo 250 (chombo, wewe na abiria) kunakula uniti 0.8 pamoja na kinachopotea kwenye mota. Jumla 2.2. Zile kilomita 80 ni za tambarare, betri ikikaushwa kabisa.

Kwa hiyo chaji ukifika. Chaja ya ampea 10 inarudisha uniti moja kwa saa moja na nusu hivi, na inatosha kwa kuwa hadi Himo unateremka. Usiijaze pomoni huko juu. Betri iliyojaa haipokei umeme ambao mota huzalisha ukipunguza mwendo, kwa hiyo mteremko wote unaziangukia breki za kawaida, nazo zinachemka.

Adui mkubwa ni joto. Mota iliyo ndani ya gurudumu ikipanda polepole na mzigo hupata moto, kontrola (kifaa kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota) inakata nguvu, unabaki kwenye kona na abiria wako. Tafuta yenye mota ya katikati inayovuta mnyororo. Na chaja isiazimwe kijiweni! Betri ya lithiamu fosfeti ya seli 24 hujazwa hadi volti 87.6, ya lithiamu ya kawaida, seli 20, huishia 84. Ubavuni zote zinaweza kuandikwa 72.

Kwa upande wa hewa, kila lita ya petroli unayoacha ni kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Gridi bado ina gesi, ila bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limeisafisha sana.

SWALI: Viwanda vya saruji vinashindwa nini kutumia umeme wa jua? Na saruji yenye herufi P ni hafifu?
Fundi mwashi, Sakina, Arusha

JIBU: Jua linaweza kuzungusha vinu vya kusagia. Tanuri linataka nyuzi 1,450, na hata ukilipatia moto safi, mawe ya chokaa yenyewe hutoa kaboni yakichomwa: takriban asilimia 60 ya hewa hiyo hutoka kwenye jiwe. Dawa ya karibu ni kupunguza klinka, yaani yale madonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji. P ni pozolana, jiwe la volkano kama linalochimbwa Holili, na saruji iliyoandikwa CEM II/B-P mfukoni ina asilimia 21 hadi 35 yake.

Si hafifu, inachelewa tu. Saruji ya daraja la 32.5N hutakiwa kufikia nguvu ya megapaskali 16 (kipimo cha mgandamizo inaohimili) siku ya 7 na 32.5 siku ya 28. Mwagilia zege siku 10, usiishie ya tatu. Mirunda ya slabu ikae siku 21, na kwa baridi ya Julai ongeza wiki. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Mchanga ukiwa mbichi, punguza.