Maharage, LUKU na gunia la mkaa: jibu kwa msomaji wa Nkuhungu

Swali: Shikamoo. Tuko watu sita nyumbani, hapa Nkuhungu, Dodoma. Tunapikia mkaa, na mtungi mdogo wa gesi tunautumia kwa chai ya asubuhi tu. Gunia la mkaa halifiki mwisho wa mwezi. Kwetu Chamwino naona miti inavyokwisha, ndiyo maana nataka kununua jiko la presha la umeme. Mume wangu anasema litamaliza umeme wa LUKU, huu tunaoulipia kabla ya kuutumia. Nani yuko sahihi? Na je, umeme unasaidia mazingira kweli, au tunahamisha tatizo tu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Hofu ya shemeji ina msingi, kwa sababu jiko la umeme la koili, lile la kubandikia sufuria juu yake, kweli linakula yuniti. Jiko la presha ni chombo kingine. Sufuria yake imo ndani ya ganda linalozuia joto lisipotee, na presha ikishapanda linajizima lenyewe, likawaka tena pale tu joto linaposhuka. Maharage ya watu sita yaliyolowekwa hutumia takriban nusu yuniti. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, yaani shilingi 292 kwa yuniti, inayofika kama 356 ukijumlisha kodi na tozo, mlo huo haufiki shilingi 200. Kama mita yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, bei ni shilingi 100 kabla ya kodi, ila hapo muwe macho: zikivuka yuniti 75 kwa mwezi, kila inayozidi inatozwa 350. Mkipika maharage kila siku mtaongeza kama yuniti 15 kwa mwezi, kwa hiyo angalieni kwanza mmebakiwa na nafasi kiasi gani.

Pimeni wenyewe. Zimeni friji na pasi, someni yuniti zilizobaki kwenye mita kabla ya kuwasha, kisha someni tena maharage yakiiva. Siku inayofuata pika kiasi kilekile kwa mkaa, na upime mkaa kwa sado kabla ya kuanza.

Liko jambo la Dodoma ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linalomaliza gunia lako. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Yakishachemka, hata ukijaza mkaa jiko zima joto la maji halipandi tena. Unachoongeza ni mvuke. Ndiyo maana maharage yaleyale huchelewa kuiva hapa kuliko Dar es Salaam. Ndani ya jiko la presha joto linapita nyuzi 110, na kazi ya saa mbili au tatu inakwisha kwa chini ya saa moja.

Ongeza na maji yetu. Visima vingi vya huku vina maji magumu, na madini ya kalsiamu na magnesi yaliyomo humo hufanya maharage yawe mabishi kulainika. Magadi ambayo mama zetu huweka yanasaidia kwa sababu hiyohiyo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha, kama una paa safi na pipa lenye mfuniko, yapikie maji ya mvua. Acha mvua za kwanza zioshe paa ndipo uanze kukinga. Hilo halikugharimu kitu, na linapunguza mkaa hata kabla hujanunua jiko lolote.

Kuhusu mazingira, hamhamishi tatizo. Kwenye tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa huhitaji kati ya kilo 5 na 10 za kuni. Katika nchi kavu kama yetu, yenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, mti uliokatwa huchukua miaka mingi kurudi, na ukishang'olewa kisiki haurudi kabisa. Wazee wa Kondoa wanayajua makorongo yaliyobaki baada ya miti kwisha. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973 kwa ajili ya ardhi hiyo, na mwaka 1979 ikabidi mifugo iondolewe eneo zima ili ardhi ipumue. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatokana na maji na gesi asilia: Mtera, mpakani mwetu na Iringa, na sasa Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024. Gesi asilia nayo ina moshi wake, lakini haikati mti Chamwino.

Usilitupe jiko la mkaa. Jiko la presha halisongi ugali wala halichomi chapati. Ugali na mlenda wapikie gesi, kwa kuwa ni mapishi ya muda mfupi. Maharage, makande na nyama ngumu vihamie kwenye presha. Umeme ukikatika, chemsha maharage kwa nguvu dakika 20 kwenye mkaa, kisha ingiza sufuria na mfuniko wake kwenye kapu lililojazwa blanketi kuukuu, uliache saa kadhaa yamalizikie humo. Mkaa uliobaki ufunike kwenye debe lenye kifuniko, usiumwagie maji. Kesho utawaka tena. Na nakuomba sana, baridi ya Juni na Julai isiwafanye mwingize jiko la mkaa chumbani mkalala nalo. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Ukienda dukani, lita 6 zinawatosha. Jiko la wati 1,000 lichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba yenye friji na televisheni. Kitu cha kwanza kuchakaa ni ule mpira wa mfuniko, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize muuzaji kama anauuza peke yake. Akisema hana, nenda duka jingine.