Ile 32% ya Kenya inapimwa dhidi ya nini

Wengi wanauliza kama ahadi ya Kenya ya kupunguza gesi joto (gesi zinazopasha dunia joto) kwa 32% ifikapo 2030 ni 32% chini ya tunachotoa leo. Hapana. Lengo hilo la Kenya kwenye Mkataba wa Paris, makubaliano ya mataifa kuhusu tabianchi, lile lililosasishwa Desemba 2020, linapimwa dhidi ya makadirio ya mwaka 2030 kama tusingechukua hatua yoyote: tani milioni 143 za gesi joto. Ondoa 32%, inabaki kama milioni 97. Mwaka 2010 tulikadiriwa kutoa milioni 73, kwa hivyo utoaji unaweza kupanda na bado tukasema tumetimiza. Ile 43% ya wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, wanayosema dunia ipunguze ifikapo 2030, ni kitu kingine kabisa, inahesabiwa kwa dunia nzima kutoka kiwango halisi cha 2019. Usizilinganishe.

Halafu kuna masharti: katika gharama ya kupunguza gesi hizo, tunayobeba wenyewe ni 21%, iliyobaki inategemea msaada wa nje.

Na msitarajie umeme ufanye kazi yote ya kupunguza. Sehemu kubwa tayari ni safi, ule wa mvuke wa ardhini wa Olkaria hapa Nakuru ukiwemo. Mzigo uko kwa methani, gesi joto wanayotoa ng'ombe, na ukataji misitu, msitu wa Mau mkiujua wenyewe.