Maswali ya Wasomaji: Bonsai yenye shina kama bomba

SWALI: Nina bonsai (mti unaofanywa mdogo chunguni) ya fikasi, Ficus microcarpa, ile inayouzwa shina likiwa limepindwa kama herufi S. Ina urefu wa sm 45 na inakaa sebuleni. Shina lina unene ule ule chini hadi juu, na pale matawi yanapoanzia pamevimba. Nimelizungushia waya mnene, halikunjiki. Nifanyeje? – Msomaji, Arusha

JIBU: Waya utoe. Shina likishafika unene wa sm 3 haliwezi tena kukunjwa kwa waya, utaishia kuchubua gome tu. Isitoshe, kasoro yako si mpindo bali unene usiopungua kuelekea juu, na dawa yake ni msumeno.

Ule uvimbe unatokana na matawi mengi kuchomoza mahali pamoja: kila moja linaongeza unene pale pale, huku shina chini yake likibaki jembamba. Hauondoki kwa kupogoa majani, kwa hiyo kata chini yake. Ukitaka mti wa mwisho uwe na sm 30, kata sm 10 hadi 12 kutoka kwenye udongo. Kama hapo pana tawi, kata juu yake kwa mshazari, ncha ya juu ya mkato iwe upande wa tawi. Kama hapana, acha sm 3 za ziada, maana shina hukauka kidogo kurudi chini kabla ya kuchipua. Kisiki hicho utakiondoa baadaye.

Subiri msimu wa joto. Juni hadi Agosti usiuguse. Mti unaodondosha majani usiukate kabisa, uzoeshe kwanza mwanga wa barazani, kidogo kidogo ili majani yasiungue. Utomvu mweupe utatoka mwingi: vaa glavu, usijiguse macho, ufute kwa kitambaa chenye maji hadi ukome.

Wengi huua mti baada ya hapo. Majani hayapo, mti haunywi, nao wanamwagilia kama zamani hadi mizizi inaoza. Mwagilia sm 2 za juu za udongo zikikauka tu.

Machipukizi yakitokea, bakiza moja karibu na mkato liwe kilele kipya. Likifika unene wa mm 4, lizungushie waya wa alumini wa mm 1.5 kwa mshazari wa nyuzi 45, ulielekeze unakotaka. Kisha liache likue, hata likifika sm 60 usikate ncha. Majani ndiyo yanayonenepesha shina. Anayepogoa kila mwezi hupata kichwa kizuri na shina lile lile. Chipukizi la chini kabisa, upande wa nyuma, nalo liache lirefuke ovyo: ni tawi la kafara, linanenepesha kitako, halafu unalikata. Kilele kikifika theluthi mbili ya unene wa shina la zamani, kikate tena, ukibakiza kipande kifupi kuliko cha kwanza. Barazani, kwenye chungu kikubwa, kazi hii huenda upesi. Sebuleni mwanga ni haba, jipe miaka.

Kipande cha juu usikitupe. Kipunguze majani, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Fikasi hutoa mizizi kwa urahisi.

SWALI: Waya umeacha makovu kwenye tawi. Yatafutika? – Msomaji huyo huyo

JIBU: Mikwaruzo ya juu, ndiyo, tawi likiendelea kunenepa. Waya uliozama ndani ya gome huacha alama kwa miaka. Ukague kila wiki, na ukianza kubana ukate vipande vipande kwa koleo. Ukiuzungusha kuutoa utavunja machipukizi.