Mazabodi Iliyozimika Katikati ya Kusasisha BIOS: Soma Chipu Kabla ya Kuiandika

Kompyuta ambayo feni zake zinazunguka na taa zake zinawaka, lakini kioo chake kimebaki cheusi tangu zoezi la kusasisha BIOS, yaani programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta, lilipokatizwa, mara nyingi haina kifaa chochote kilichoungua. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu hapa Tanga nimeona mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) nzima zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu, ilhali kilichoharibika ni maandishi tu yaliyomo ndani ya chipu moja ndogo yenye miguu minane. Prosesa inapopata umeme hutafuta maelekezo yake ya kwanza katika chipu hiyo. Programu ya kusasisha hufuta kwanza, kisha huandika upya, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, sehemu iliyofutwa hubaki tupu na kompyuta haina pa kuanzia. Kuiwasha tena na tena hakuleti kitu, na kuipasha mazabodi kwa hewa ya moto, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi kila wanapokosa picha kwenye kioo, kunaweza kuzaa ubovu ambao haukuwapo.

Anza na njia aliyoiweka mtengenezaji mwenyewe, kwani haihitaji kufungua kitu. Kwenye laptopu nyingi za Dell, zima mashine, shikilia vitufe vya Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja, na usiviachie mpaka ukurasa wa uokoaji utokee. Kwenye nyingi za HP, hushikiliwa kitufe cha Windows pamoja na B wakati wa kuwasha. Kompyuta za mezani zenye kitufe maalumu cha kuandikia BIOS nyuma ya mazabodi ni rahisi zaidi, kwa kuwa huandika kutoka kwenye flashi hata kama prosesa haijawekwa. Flashi iwe katika mfumo wa FAT32, na faili lipewe jina ambalo mazabodi inalitambua: MSI hutaka MSI.ROM, na Gigabyte hutaka GIGABYTE.bin. Jina likikosewa hata herufi moja, mazabodi hailioni faili, na mtu huondoka akidhani njia yenyewe imeshindwa.

Njia hizo zikigoma, ndipo tunapochukua programa, yaani kifaa cha kuandikia chipu, na hapa ndipo ninapotaka msomaji awe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Mwalimu mmoja aliniletea Ngamiani, hapa Tanga, laptopu yake iliyozimikiwa na umeme huku betri ikiwa imechoka. "Fundi, nimeambiwa mazabodi imekufa," akasema. Nikamjibu, "Haijafa, mwalimu. Niachie, lakini sitaiandika kabla ya kuisoma." Alishangaa kwamba ningepoteza muda kusoma kitu kilichokwisha haribika. Sababu ni kwamba chipu ile haibebi BIOS peke yake. Mara nyingi ndimo zilimo namba ya utambulisho ya mashine, ufunguo wa Windows uliokuja nayo kutoka kiwandani, pengine anwani ya mtandao wa waya, na kwenye mashine za Intel, sehemu ya ME (Management Engine, programu ya ndani ya Intel) iliyopangwa kwa ajili ya mazabodi hiyo. Ukimwaga juu yake faili la mashine nyingine lililopakuliwa intaneti, kompyuta inaweza kuwaka, lakini itakuwa imebeba utambulisho wa watu wengine.

Kwa hiyo ondoa chaja, betri kubwa na betri ya saa, kisha soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa chipu. W25Q64 ni ya megabaiti 8, na W25Q128 ni ya megabaiti 16. Tazama pia herufi zinazofuata, kwa maana W25Q64FV hutumia volti 3.3 na W25Q64FW hutumia volti 1.8, na anayezichanganya anaweza kuiua chipu kabla hajaisoma. Programa nyingi za bei nafuu za CH341A zenye ubao mweusi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, hivyo pima kwa mita kabla ya kuamini. Waya mwekundu wa klipu, yaani kibanio kinachoishika chipu na kuiunganisha na programa, uende kwenye mguu wa kwanza, uliowekewa nukta.

Soma mara mbili kwa programu ya flashrom, kisha linganisha mafaili hayo. Yakitofautiana, usiandike chochote. Katika mji wetu wa pwani, miguu ya chipu hushika kutu ya hewa ya chumvi, na klipu huigusa bila kuishika vizuri, kwa hiyo isugue kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili. Majibu yakiendelea kutofautiana, huenda vifaa jirani vinanyonya umeme wa programa, na hapo chipu ing'olewe isomwe nje ya mazabodi.

Nakala ikishapatikana, ihifadhi mahali pawili. Faili la mtengenezaji mara nyingi lina BIOS tu, na pengine limetanguliwa na kichwa, yaani baiti za utangulizi, kisichopaswa kuingia kwenye chipu; mafaili mengi ya ASUS ya .CAP yana kichwa cha baiti 2048. Toa kichwa hicho, weka BIOS mpya katika eneo lake ndani ya nakala yako, hamishia humo maeneo yenye utambulisho wa mashine, na hakikisha faili la mwisho lina ukubwa sawasawa na wa chipu. Kisha andika na uhakiki.

Uwashaji wa kwanza unaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi, kwa sababu mazabodi inaipima RAM upya, basi usikimbilie kuzima. Picha ikitokea, ingia kwenye mipangilio, rekebisha saa, na uangalie kama diski ilikuwa ikitumia AHCI au RAID, ambazo ni namna mbili za kompyuta kuwasiliana na diski, kwani ikibadilika Windows itakataa kuwaka ingawa diski ni nzima. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows, mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Mwulize kama anaweza kuifungua akaunti hiyo siku anapokuletea mashine, kabla hujagusa chipu.